Fulana za ustawi zimefika, watu wangu wanadondoka

Shangazi, shikamoo.

Nakusoma siku nyingi, ila sikuwahi kudhani nitakuandikia, maana barua nyingi hapa ni za waume na mawifi, na yangu ni ya kazini.

Nipo Kasulu. Nimeajiriwa na shirika moja kubwa la kimataifa linalohudumia wakimbizi. Makao makuu yako Ulaya, ofisi ya kanda iko Nairobi, ya nchi iko Dar es Salaam, na sisi huku ndio mkia. Nasimamia timu ya ulinzi wa mtoto. Kesi zetu ni za watoto waliopotezana na wazazi njiani, wanaopigwa, wanaoozwa wakiwa wadogo, na wale ambao hawana mtu kabisa. Saa moja na nusu asubuhi gari linatoka ofisini kwenda kambini, saa kumi jioni linarudi, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, bajeti yetu nayo ikakatwa. Tulikuwa wahudumu wa kesi wanane, tumebaki watano. Watoto hawakupunguzwa. Leo tuna kesi 218 zilizo wazi, na kila mwezi napokea uvumi mpya kwamba hata hao watano hawatafika Desemba.

Katikati ya hayo, mwezi huu imekuja Wiki ya Ustawi wa Wafanyakazi. Imekuja kwa barua pepe, halafu kwa maboksi mawili ya fulana zilizoandikwa kifuani "Niko imara". Kila kiongozi wa timu ameagizwa aendeshe kikao cha saa moja na nusu kuhusu ustahimilivu: slaidi zimeshatengenezwa, kuna zoezi la kuvuta pumzi, kuna shindano la kuhesabu hatua kwa simu. Baada ya hapo kila mtu amalize kozi ya mtandaoni na kutuma cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Asilimia ya waliomaliza itaonyeshwa kwenye ripoti ya kanda. Shangazi, mtandao wetu hapa ukiamua kukata umekata, na wahudumu wangu wanaandika ripoti za kesi Jumamosi usiku. Hiyo kozi wataifanya lini?

Nina kijana mmoja, ana miaka 27, ndiye aliyekuwa mcheshi wa ofisi. Miezi miwili iliyopita mtoto aliyekuwa akimfuatilia tangu siku ya kwanza alipofika kambini alifariki kwa malaria, akiwa kwenye familia iliyojitolea kumlea. Kijana alikwenda mazikoni. Kesho yake akaja kazini kwa wakati, akachukua fomu ya kufunga kesi, kwenye kisanduku cha sababu akaandika "Amefariki", akaweka tarehe na sahihi, akaniuliza, "Dada, faili linalofuata ni lipi?" Tangu siku hiyo hali chakula cha mchana na wenzake. Anakaa peke yake ndani ya gari, vioo vimepandishwa, jua la saa saba. Nikimuuliza ananijibu, "Niko poa, dada." Kazi yake haina kasoro hata moja. Ndiyo inayonitisha.

Dereva wetu ni mtu mzima, rika la baba yangu, na ndivyo ninavyomwita, Baba. Mara mbili sasa amefika asubuhi akinuka gongo.

Bosi wangu si mtu mbaya, lakini ni wa mwaka 2015. Ukimwambia watu wamechoka, anakusimulia Kagunga, kijiji cha ufukweni walikofikia wakimbizi wa Burundi mwaka huo: walivyolala chini, kipindupindu, meli ya Liemba ikisomba watu mchana na usiku. "Na hatukuhitaji kozi," anamalizia. Hapo mtu utasema nini?

Wenzetu walioajiriwa kimataifa kila baada ya wiki kadhaa wanapanda ndege kwenda kupumzika. Sisi tunaambiwa tuko nyumbani.

Mimi mwenyewe naamka saa tisa usiku bila sababu, naanza kuhesabu mafaili. Mume wangu yuko Tabora kikazi, watoto wawili ninao mimi, mama yuko Ujiji na anajua tu kwamba "mwanangu anafanya kazi shirikani", yaani hela ipo. Likizo yangu ya mwaka uliopita nimechukua siku chache, nyingine zimelala.

Niendeshe hicho kikao au nikatae? Kijana nimripoti au nimwache? Na nikiandika rasmi kwamba kazi imetuzidi, si ndio nitakuwa wa kwanza kuambiwa siwezi?

Kiongozi wa Timu, Kasulu

---

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na dereva, maana yeye hawezi kusubiri barua hii iishe. Asubuhi utakayosikia harufu ile tena, gari halitoki naye. Usimkemee mbele ya watu. Mvute pembeni, mwambie, "Baba, leo gari halitoki na wewe, nipe funguo, tutaongea jioni." Tafuta dereva wa idara nyingine, na kama hayupo, safari inaahirishwa. Siku hiyo hiyo mjulishe msimamizi wa usafiri kwa maandishi. Najua utaona unamchongea mzee wa watu. Kwenye kiti cha nyuma, hata hivyo, unabeba watano, na barabara ile unaijua kuliko mimi. Katika maandishi yako omba pia apelekwe kwa mshauri nasaha na hospitali, usiliache suala lake liende nidhamu peke yake. Halafu jioni mkae kweli, umuulize. Madereva na wakalimani husikia kila kitu tunachosikia sisi, wakiwa wamekaa kimya pembeni, na kwenye orodha za waalikwa wa vikao vya ustawi mara nyingi majina yao hayamo. Sishangai gongo.

Sasa hayo maboksi mawili. Fulana gawa, ni nguo. Kikao usikikatae, kwa sababu ukikikataa utaandikwa kwamba timu yako haishiriki, na utakuwa umepoteza saa moja na nusu ambayo ofisi yenyewe imekuruhusu kuwakalisha watu wako bila kuulizwa wako wapi. Pitisha slaidi zao kwa dakika kumi na tano. Pumzi vuteni, haidhuru, na kuna watu inawasaidia kweli kulala. Muda uliobaki funga kompyuta, bandika karatasi kubwa ukutani na uulize swali moja: katika kazi tunazofanya kwa wiki, ipi inaweza kuachwa bila mtoto yeyote kuumia? Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hilo halijawahi kukosa majibu. Utasikia kuhusu ripoti mbili zinazouliza kitu kilekile kwa wafadhili wawili. Utasikia kuhusu kikao cha Jumatatu ambacho hakuna anayekumbuka kilianzishwa kwa ajili gani. Yale yaliyo ndani ya mamlaka yako yafute palepale, mbele yao. Watakuamini zaidi kwa ripoti moja uliyoifuta kuliko kwa slaidi arobaini.

Na usidhani Shangazi anapinga mambo ya kisasa. Hata wakubwa wa afya duniani hawaanzii kwenye pumzi. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeueleza uchovu wa kazi wa namna hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa vizuri. Limeuweka kama jambo la kazini, halikuuita ugonjwa wa mtu. Dalili zake wametaja tatu: nguvu kwisha kabisa, mtu kujitenga na kazi yake au kuidharau, na kuhisi hafanyi lolote la maana. Mwaka huohuo walitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini, na humo wanazungumzia kubadili mazingira ya kazi yenyewe na kuwafundisha wasimamizi, pamoja na msaada kwa mtu mmojammoja. Ofisi yako ya kanda imechukua kipande kimoja cha mwongozo, kile cha bei rahisi, ikakitengenezea fulana.

Kesi 218. Hapa ndipo ninapotaka ukae nami.

Wewe umeitaja namba hiyo ukapita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwanangu, hiyo ndiyo silaha yako. Viwango vya Chini vya Ulinzi wa Mtoto katika Shughuli za Kibinadamu, vile vilivyohuishwa 2019 na ambavyo nina hakika shirika lako linavitaja kwenye kila andiko la kuombea fedha, vinasema mhudumu mmoja asiwe na zaidi ya watoto 25. Piga hesabu. Watano mara 25 ni 125. Watoto 93 kati ya 218 wamezidi kiwango ambacho shirika lenyewe limekikubali. Kila mhudumu wako amebeba wastani wa watoto 43 na ushei. Ukimwambia bosi "watu wamechoka", atakujibu Kagunga, kwa sababu uchovu kila mtu anao na kila mtu hudhani wake ndio ulikuwa mkubwa. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakukosea. Lakini 93 haina simulizi ya kuijibu.

Andika barua pepe fupi. Isiwe na machozi, isiwe na neno ustawi hata mara moja. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za kazi. Kufikia leo timu ina kesi 218 zilizo wazi na wahudumu 5. Kwa kiwango cha kesi 25 kwa mhudumu, kesi 93 ziko nje ya uwezo wetu wa kuzifuatilia kwa usalama. Naomba uamuzi kabla ya tarehe 15 kati ya haya: (a) kuongezewa wahudumu, hata wa muda, (b) kukabidhi sehemu ya kesi kwa shirika mshirika, (c) kuidhinisha orodha niliyoambatanisha ya kesi zisizo na hatari kubwa, zifuatiliwe mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Kama hakuna kinachowezekana, nitaanza kutekeleza (c) kuanzia tarehe 16, na naomba hilo liingizwe kwenye rejesta ya vihatarishi vya mradi."

Umeona ilipokaa nguvu yake? Haisemi huwezi. Inasema kuna watoto 93 wenye hatari, na inamtaka mtu mwenye mamlaka aweke sahihi. Mashirika makubwa yanaogopa rejesta ya vihatarishi kuliko yanavyoogopa malalamiko, kwa sababu rejesta husomwa na wakaguzi. Usiitume usiku, na usiitume peke yako kama unaweza kuepuka. Ongea kwanza na viongozi wenzako wa afya, elimu na maji, ambao bila shaka nao wamekatwa. Barua nne zenye namba, katika wiki moja, hazimtoi mtu mmoja kuwa ndiye dhaifu. Na kama mna chama cha wafanyakazi au kamati ya watumishi, huu ndio wakati wa kujua mwakilishi wenu anaitwa nani.

Kuhusu bosi wa 2015, usimdharau. Kagunga haikuwa hadithi. Kijiji kidogo cha ufukweni kilijaa maelfu kwa maelfu ya Warundi, kipindupindu kikaingia, Liemba ikawa inawabeba kwa mafungu hadi Kigoma mjini, wakahifadhiwa kwa muda uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambini. Waliofanya kazi ile wana haki ya kuisimulia. Ila mwambie, kwa heshima, mkiwa wawili: "Kaka, ile ilikuwa na mwisho." Watu walijikaza kisabuni wiki kadhaa, kisha meli ikasimama, kila mtu akaona kazi yake imefika mahali. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Watu wako wanafanya kazi ya miaka kwa mwendo wa dharura, na hakuna meli itakayosimama. Muulize pia nani katika wale wenzake wa 2015 bado yuko kazini, na wengine wako wapi. Huenda akanyamaza kidogo. Nimeona wazoefu wengi wanaojisifu kwa kutohitaji msaada, ukichunguza, walihitaji, hawakupewa, na wameigeuza kuwa fahari.

Kijana wako.

Umesema kazi yake haina kasoro na ndiyo inayokutisha. Unaona vizuri. Mtu anayelia ofisini tunamkimbilia, anayejaza fomu kwa usahihi tunampa faili jingine. Lakini usimripoti, kwa maana ya kumwandika kwamba ana tatizo. Hajakosa lolote. Na tafadhali usimwite kwenye kikao cha timu umwambie asimulie kilichotokea ili "atoe ya moyoni". Zamani mashirika yalipenda vikao hivyo, tukio likitokea mnawekwa duara, kila mtu anasimulia alichoona. Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo, kwa sababu havikuonekana kusaidia, na wengine vinawarudisha palepale walipoumia.

Wewe na watu wako mmefundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa ajili ya wakimbizi, ile ya tazama, sikiliza, unganisha. Nani amesema ni ya wakimbizi tu? Umeshatazama. Sasa nenda kwenye gari.

Usimwite ofisini kwako. Saa saba hiyo, chukua chakula chako, hata kama ni ugali wa muhogo na dagaa kwenye kontena, gonga kioo, kaa kiti cha mbele pembeni yake. Kula. Usiulize "uko poa?", kwa sababu swali hilo lina jibu moja na ameshakupa. Mtaje mtoto kwa jina lake. Sema kitu unachokikumbuka juu ya yule mtoto, alivyokuwa anakimbilia gari lenu, au chochote kilicho cha kweli. Kisha sema, "Siku ile nilikupa faili jingine haraka. Leo silitaki faili, nataka tu kukaa hapa." Akinyamaza, nyamaza. Akisema jambo la mpira, ongea mpira. Kesho kutwa rudi tena. Inawezekana siku ya kwanza asiseme neno, na hiyo siyo kazi bure.

Akianza kusema, huenda utasikia la kujilaumu: ningepita siku moja kabla, ningeuliza kama ana homa. Usikimbilie kumwambia "si kosa lako", ataona unafunga mjadala. Kaa naye mpitie faili lile, tarehe kwa tarehe, nini kilifanyika. Mhudumu mwenye watoto 43 hawezi kupita kila siku kwa kila mmoja, na hilo akiliona mwenyewe kwenye karatasi lina uzito kuliko faraja yako. Halafu mpe mapumziko yanayoeleweka: wiki mbili asipokee kesi mpya, afanye kazi za ofisini na ziara za watoto ambao hali zao zinakwenda vizuri. Mwambie ni wiki mbili, zina mwanzo na mwisho, na kila mhudumu atapata zamu yake ya namna hiyo. Kisha fanya iwe kweli. Zamu ikiwa ya wote, hakuna anayeonekana mgonjwa.

Na kuunganisha. Mashirika ya ukubwa wa kwenu huwa na mshauri nasaha wa wafanyakazi, au mkataba na kampuni ya nje, kwa simu. Andikia ofisi ya rasilimali watu uulize mambo matatu: namba ni ipi, lugha ni ipi, na nani anapata taarifa ya aliyepiga. Hilo la tatu ndilo watu wako wanalotaka kujua, hata kama hawaulizi. Wakikujibu kwamba msimamizi hapewi majina, chapisha jibu hilo, libandike. Wakikuambia mshauri anaongea Kiingereza au Kifaransa tu, lirudishe kwao: mtu hulia kwa lugha yake. Kijana akipita wiki nyingine kadhaa halali, hali, au picha za mazishi zinamjia kazini, au akigusia kwamba afadhali asingekuwepo, hapo usisubiri simu ya Nairobi, mpeleke hospitali siku hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma, ndiyo ya kukimbilia kwa huko kwenu, mkianzia hospitali ya wilaya. Najua mtu akisikia daktari wa akili anaona hospitali ya Mirembe na geti lake. Mwambie wanaokwenda kwa daktari huyo wengi wanarudi nyumbani jioni na vidonge au na tarehe ya mazungumzo. Ruhusa ya ugonjwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 za pili kwa nusu. Ugonjwa wa moyoni ukiwa na cheti cha daktari ni ugonjwa kama malaria. (Kama shirika lenu ni la Umoja wa Mataifa, mnaongozwa na kanuni zao wenyewe za utumishi, soma hizo.)

Wakalimani wako nimewagusa juu, narudi kidogo. Wao wenyewe ni wakimbizi, wanalipwa posho, na maneno ya mama aliyepoteza mtoto yanapita kwanza vinywani mwao: "niliona", "nilikimbia", "nilimzika", kwa nafsi ya kwanza, mara nyingi kwa siku. Jioni hawapandi gari kwenda Kasulu mjini, wanabaki kambini, jirani na mama yuleyule. Kikao chako kikifanyika, kifanyike kambini, na wao wawemo.

Suala la wenzenu na ndege nitalipita haraka, si kwa sababu ni dogo bali kwa sababu wewe huna kalamu ya kulibadilisha. Likizo ile katika mashirika mengi imeandikwa kwa walioajiriwa kimataifa, kwa dhana kwamba mwenyeji yuko kwao. Mtu wa Mtwara aliyepangiwa Kasulu yuko kwa nani? Na hata Muha wa palepale, mshahara wake mmoja unalisha nyumba nne, na jirani akikutana naye sokoni anamuuliza kama nafasi za kazi zimetoka, wiki ileile anayosubiri barua ya kupunguzwa. Lisemeni kupitia wawakilishi wenu. Wakati huo linda kile ambacho sheria imekwisha kukupa: wiki ya kazi ni saa 45 za kawaida, na kila wiki mtu anastahili walau saa 24 za kupumzika mfululizo. Kipengele cha saa huenda kisikuguse wewe mwenye cheo cha usimamizi, lakini wahudumu kinawagusa. Ripoti za Jumamosi usiku zinaishia hapo. Na kundi lenu la WhatsApp la kazi, liangalie vizuri, ni nani huandika baada ya saa mbili usiku. Kama ni bosi, usijibu hadi asubuhi, na wengine watajifunza kwako.

Kuhusu uvumi wa Desemba, omba tarehe. Mwulize bosi, "Lini tutajua?" Hata kama jibu ni "mwisho wa Oktoba", waambie watu wako hilo, na uwaambie kwamba kabla ya hapo huna habari nyingine. Mtu anaweza kulala akiwa na tarehe. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao, pamoja na namna ya kuchagua nani anaondoka. Mkisikia mambo yameamuliwa korido, hilo ndilo la kuuliza kwa maandishi.

Umebaki wewe unayeamka saa tisa. Ukiamka, usihesabu mafaili ukiwa kitandani. Weka daftari pembeni, andika lile moja linalokusumbua, funga. Mwambie mume wako hali ilivyo, siyo "kazi nyingi", mwambie mambo ya kijana, ya dereva, ya 218. Mama naye, ukienda Ujiji, mwambie kwamba mkataba unaweza kuisha. Ni afadhali alisikie kwako mapema kuliko kulisikia msibani kwa watu.

Na likizo zilizolala, mwanangu, hazilali milele. Siku 28 kwa mwaka ni zako, na mwajiri ndiye anaweza kupanga ni lini, lakini ziwe zimechukuliwa ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kwisha, au miezi kumi na miwili kama ulikubali kusogeza na kazi ililazimu. Angalia mkataba wako ulianza mwezi gani, hesabu, ujaze fomu wiki hii. Omba siku kumi mfululizo, nenda Tabora na watoto, kwa treni kama ratiba inakubali, ili siku nzima ya kwanza upite bila kupatikana kwa simu. Wa kukukaimu muandike yule mhudumu wako mzoefu, na umwachie nakala ya barua pepe ya kesi 93, ili tarehe 15 ikifika na jibu halijaja, yeye ndiye awakumbushe.

Shangazi